Kubeti mtandaoni kwa kujidhibiti, na wakati wa kutafuta msaada

Anayecheza kamari kwa simu hufanya maamuzi yake mabaya akiwa tayari ndani ya mchezo, dau likiwa limeshaliwa, moyo ukimwenda mbio, na kitufe cha kuweka pesa nyingine kikiwa chini ya kidole chake. Kwa sababu hiyo, karibu kila hatua yenye manufaa huchukuliwa kabla ya programu kufunguliwa, wakati akili bado imetulia. Anayesubiri apoteze ndipo ajiwekee mipaka hujikuta akibishana na nafsi yake, na katika mabishano hayo nafsi hushinda mara nyingi. Asiyecheza kabisa hahitaji mwongozo huu, wala hapungukiwi na kitu kwa kutocheza. Maelezo yafuatayo ni ya yule anayecheza, au anayeishi na mchezaji.

Jambo la kwanza ni kujua unacholipia. Katika ruleti, mchezo wa kasino wa kubashiri mpira utaangukia namba au rangi gani, gurudumu lenye sifuri moja lina nafasi 37, na anayepatia namba moja hulipwa 35 kwa 1, ilhali malipo yanayolingana na uwezekano wake yangekuwa 36 kwa 1. Tofauti hiyo, ambayo ni takriban asilimia 2.7 ya kila dau, ndiyo riziki ya kasino. Katika sloti za mtandaoni, yaani michezo ya kuzungusha picha kwa bahati, watu wengi huisoma vibaya kauli ya kwamba mchezo "hurejesha asilimia 96", wakidhani kwamba aliyeingia na 1,000 atatoka na 960. Kiwango hicho huhesabiwa juu ya jumla ya madau yote, na pesa ileile huchezwa tena na tena. Ukiweka dau la 100 na kuzungusha mara 10 kwa dakika, katika saa moja utakuwa umeweka madau ya 60,000, na asilimia 4 yake ni 2,400. Hiyo ndiyo bei ya wastani ya saa moja ya burudani hiyo, hata kama hakuna aliyeiandika popote.

Mkeka, yaani dau moja linalounganisha mechi kadhaa na kulipa tu ukizipatia zote, ni ghali zaidi kuliko unavyoonekana. Chukua mechi 10 ambazo kila moja ina uwezekano wa nusu kwa nusu na kampuni inakupa odi (mara ngapi ya dau utalipwa ukishinda) ya 1.90 badala ya 2.00. Ukizikusanya zote katika mkeka mmoja utaahidiwa takriban mara 613 ya dau lako, kiasi kinachovutia kwelikweli, lakini uwezekano wa kupatia zote ni mara moja katika 1,024. Kasoro ya asilimia 5 katika mechi moja imezidishwa mpaka kampuni inabaki na takriban asilimia 40 ya kila dau kwa wastani. Mkeka unaochanwa na mechi moja ya mwisho humfanya mchezaji aamini kwamba alikaribia, ingawa kukosa mechi moja katika kumi ni jambo la kutarajiwa mara kumi zaidi kuliko kupatia zote.

Bonasi nayo isomwe kwa utaratibu huohuo. Bonasi ya 1,000 inayotaka uizungushe mara 30 kabla ya kutoa pesa inakudai madau ya 30,000, na katika sloti ya asilimia 96 hasara ya wastani ya madau hayo ni 1,200, yaani zaidi ya zawadi yenyewe. Kuhusu wanaouza mikeka ya uhakika au mechi wanazodai zimepangwa, inatosha kusema kwamba mwenye uhakika wa namna hiyo angebeti mwenyewe na kunyamaza.

Ukishaielewa bei, panga kiasi ambacho unaweza kukitumia katika kipindi fulani, kwa mfano mwezi, na ukihesabu kuwa kimekwisha tangu siku unapokitenga, kama mtu aliyekwisha kununua tiketi ya tamasha. Kiasi hicho kitoke katika pesa inayobaki baada ya kodi, chakula, ada na akiba, na kamwe kisitoke katika mkopo. Kisha fungua mipangilio ya akaunti na uweke kikomo cha kuweka pesa kinacholingana nacho. Kampuni nyingi zinazosimamiwa vizuri hukubali mara moja ombi la kushusha kikomo na huchelewesha ombi la kukipandisha, na ucheleweshaji huo ni rafiki yako. Weka pia kikomo cha muda, zima arifa za matangazo, na uondoe kadi au akaunti ya malipo iliyohifadhiwa ndani ya programu, ili kila uwekaji wa pesa udai kazi kidogo ya mikono. Ukishinda na kuomba kutoa pesa, usikubali kulighairi ombi hilo wakati bado linasubiri. Pesa nyingi zilizoshindwa kihalali zimerudi mezani katika saa hizo chache. Kabla ya yote haya, thibitisha leseni ya kampuni katika orodha ya mamlaka inayosimamia michezo hiyo mahali ulipo, kwa kuwa nembo iliyobandikwa chini ya ukurasa wa kampuni yenyewe haithibitishi chochote.

Kanuni ngumu kuliko zote ni kutorudi kukomboa pesa iliyopotea. Usiku wa tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na wachezaji walizidi kumimina pesa kwenye nyekundu wakiamini kwamba zamu yake imefika. Gurudumu halina kumbukumbu, wala mtambo wa namba nasibu unaoendesha sloti ya simuni hauna. Uwezekano wa nyekundu ulikuwa 18 katika 37 mwanzoni mwa usiku huo na ulibaki hivyo hadi mwisho. Ukijisikia unataka kurudisha hela leo hii, kabla hakujakucha, funga programu na uombe akaunti isimamishwe kwa saa 24. Kampuni nyingi zina kitufe cha kufanya hivyo.

Sasa, ni lini mambo yamevuka mipaka? Wengi hupima kwa kiasi cha pesa, na hapo ndipo hukosea, kwa kuwa mwenye kipato kikubwa anaweza kuwa mgonjwa kwa miaka bila kukosa kodi ya nyumba. Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani uliihamishia kamari iliyokithiri katika kundi la uraibu mwaka 2013, na unaitambua kwa dalili 9, ambapo 4 au zaidi ndani ya miezi 12 zinatosha kuitwa ugonjwa. Miongoni mwake ni kuhitaji madau makubwa zaidi ili kupata msisimko uleule, kukosa utulivu unapojaribu kupunguza, kucheza ili kukimbia huzuni, kurudi kufukuzia hasara, na kutegemea wengine wakuokoe na madeni. Kwa maoni yangu, iliyo ya kuangaliwa kwanza ni uongo. Aliyeanza kufuta ujumbe wa miamala au kubuni sababu ya mkopo amekwisha kujua kwamba kuna tatizo, hata kama mdomo wake haujakiri.

Kipimo kingine cha haki ni kupakua taarifa ya miamala ya miezi mitatu na kujumlisha ulichoweka, kisha kutoa ulichopokea. Kumbukumbu hutunza ushindi na kusahau mengine. Karatasi haina tabia hiyo.

Dalili zikiwapo, anza kwa kuiomba kampuni ikufungie akaunti kwa kipindi kirefu, na uweke katika simu programu ya kuzuia tovuti zote za kamari, kwani kufunga akaunti moja huku nyingine tano ziko wazi ni kazi bure. Mkabidhi mtu unayemwamini usimamizi wa pesa kwa muda. Kisha mwone daktari au mshauri wa afya ya akili: tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na mienendo ndiyo inayotumika zaidi kwa uraibu huu. Mweleze pia dawa unazotumia. Baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, zikiwamo pramipeksoli na ropiniroli, zinaweza kumletea mtu msukumo wa kucheza kamari ambao hakuwa nao, na hizo hazipaswi kuachwa bila ushauri wa daktari. Wapo wanaofaidika na vikundi vya waraibu wenzao. Ushirika wa Gamblers Anonymous, ulioanza Los Angeles mwaka 1957, una mikutano katika nchi nyingi na mingine hufanyika mtandaoni.

Ndugu wa mchezaji huwa na haraka ya kulipa deni ili aibu iishe. Kumpa mraibu fedha mkononi mara nyingi ni kumwongezea mtaji, hivyo kama mmeamua kusaidia, mlipeni mdai moja kwa moja, na tena baada ya kuorodhesha madeni yote, si yale tu aliyoyataja siku ya kwanza. Mwenza wake atenganishe akaunti na abadilishe namba za siri bila kuona haya.

Uraibu wa kamari huandamana mara nyingi na mawazo ya kujiua, hasa siku hasara inapogundulika nyumbani. Akitamka jambo la namna hiyo, hata kwa mzaha, hesabu za deni ziwekwe kando, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali au kupigiwa namba ya dharura siku hiyohiyo.