Gari la mkononi, lililokwisha tumika hapa hapa nchini, au la kuagiza Japan, unapimaje?

Wengi hapa Mwanza wanaona la kuagiza ndo jipya, kumbe nalo used tu. Usidanganyike na rangi, omba karatasi ya mnada wa kule Japan usome gredi, yaani alama ya hali ya gari, na kilomita, halafu fundi aingie uvunguni maana magari yaliyotembea Hokkaido, kaskazini mwa Japan, ile chumvi wanayomwaga barabarani kipindi cha theluji inakula chesisi balaa. La mkononi angalia bushi na shokapu, barabara zetu za mawe si unazijua. Liwashe asubuhi injini ikiwa bado ya baridi usikilize mlio, kisha lipandishe mlima wa Bugando na AC juu, giaboksi ikisita au temperecha ikipanda achana nalo. Spea je? Toyota IST kila fundi Nyakato anaijua, la Ulaya utasubiri spea toka Dar.