Somo: kufunga msimu shambani kabla mvua ya Machi haijafika

Haya watu wangu, mvua fupi imeenda, jua la Januari ndio hilo, na najua wengi wenu saa hii mko na sukuma imesimama urefu wa mtu, majani matatu huko juu, na hamtaki kuing'oa juu mama mboga bado anachukua kashada moja moja. Ing'oe. Afidi (wadudu wadogo wanaofyonza majani ya sukuma) na Tuta (nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya) hawaendi likizo, kila mmoja anataka tu mmea wake wa zamani, sukuma ama nyanya, wa kukaa mpaka miche mipya ifike, na wewe ndio unawawekea hoteli.

Hatua ya 1: ng'oa na mizizi yake
Usikate shina ukaacha kisiki. Na ukishang'oa, angalia mizizi. Nyanya ikitoka na mizizi imevimba vinundu, hao ni minyoo fundo, minyoo midogo sana ya mchangani inayoingia kwa mizizi. Usichanganye na kunde ama maharagwe, hizo huwa na vinundu vyake vizuri vya kuleta naitrojeni, ukivikwaruza na kucha vinatoka na ndani viko pinki pinki. Vya minyoo havitoki, ni mzizi wenyewe umevimba.

Kama nyanya ilinyauka ikiwa bado kijani, kata kipande cha shina karibu na mchanga, kishikilie ndani ya glasi ya maji safi, ungoje dakika chache bila kutikisa. Ukiona kauzi keupe ka maziwa kanashuka, huo ni mnyauko wa bakteria, na asikudanganye mtu wa agrovet (duka la dawa na mbegu za shamba), hakuna dawa ya kuuponya.

Hatua ya 2: tenganisha takataka
Safi ziende mboji. Zenye ugonjwa choma, usizitupe kwa mtaro zikamfikia jirani. Nyanya zenye Tuta zifunge kwa nailoni uache juani mpaka zioze (mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya 2017, so tumia ile nailoni ya grinihausi iliyochakaa).

Hatua ya 3: mbegu
Terere (mchicha), kata vichwa vikianza kukauka, anika kivulini juu ya gunia, piga piga, peta. Managu (mnavu), kamua matunda yaliyoiva ndani ya maji, za kuelea mwaga, zilizozama osha ukaushe. Nyanya za F1 (mbegu chotara za duka) usihangaike nazo, mbegu yake haitazaa kitu sawa na mama yake.

Hatua ya 4: mchanga
Hapa ndio kuna kazi. Watu wa Ruai na Kamulu wenye blakkoton (ule mchanga mweusi wa mfinyanzi), limeni kabla haijakauka kabisa, ikishapasuka nyufa jembe linaruka tu, na Machi ikilowa hata mguu hautoki. Inueni matuta maji yapite. Wa Dagoretti na Kikuyu mchanga mwekundu unasamehe, lakini mbolea inataka.

Penye minyoo fundo, lowesha mchanga, funika na nailoni ya kuona ndani, bana pembeni na mchanga, wiki 4 hadi 6. Jua la saa hii linapika vizuri, ukingoja Julai utafunika bure.

Kama unataka kupima udongo, KALRO (shirika la serikali la utafiti wa kilimo) Kabete wanapima. Chota sehemu nyingi kwa zigizaga, kina cha sentimita 15 hadi 20, changanya, peleka kama nusu kilo. Usichote pale ulikuwa unarundika samadi.

Hatua ya 5: mipira ya dripu (ya kumwagilia kwa matone)
Fungua miisho, pitisha maji mpaka yatoke safi, kunja, weka mbali na panya. Basi.

Nasari (kitalu cha miche) ya sukuma anza Februari, miche inataka kama mwezi.

MASWALI

Mama Shiro, Kamulu: Mwalimu, naeza weka managu pale nyanya ilikuwa?
Hapana mama. Managu, nyanya, hoho, viazi, biringanya, hao wote ni ukoo mmoja, na kama mnyauko ulikuwa hapo itashika pia. Weka kitunguu, mahindi ama sukuma.

Baba Junior, Ruai: Nimeletewa lori ya samadi ya mbuzi kutoka Kajiado, nimwage sasa?
Mkuu, iko aje? Kama ni ya boma ya zamani, nyeusi na inanukia udongo, ngoja ukaribie mvua ndio umwage na uchanganye siku hiyo hiyo, ikikaa juani naitrojeni inapotelea hewani. Kama bado ni mbichi rundika, lowesha, funika, na uigeuze geuze.

Kevo, Kayole: Sisi tunaopanda mboga kwa magunia kwa ploti tufanye nini?
Mwaga mchanga wote juu ya turubai, toa mizizi, anika vizuri, changanya na samadi iliyooza. Ukirudisha, usisahau nguzo ya kokoto katikati, bila hiyo maji hayafiki chini na mboga za ubavuni zinakauka.

Dada Achi: Nyanya bado ziko na matunda ya kijani, nitupe?
Usitupe dada. Zilizoanza kuwa nyeupe nyeupe chini weka kwa katoni na ndizi mbivu, zitaiva. Zenye vitundu vya Tuta, kwa nailoni na wenzake.