Video haichezi kwenye Ubuntu? Anza kwa kukagua faili

Ukifungua video ukapata sauti tupu na skrini nyeusi, usikimbilie kuifuta. Mara nyingi faili ni zima, ila kompyuta haina kodeki, yaani programu ya kufumbua picha na sauti zilizobanwa. Ubuntu haiji na kodeki zote kwa sababu baadhi zina hataza, yaani haki za kisheria za wavumbuzi. Za MP3 zilimaliza muda wake 2017, za H.265, namna mojawapo ya kubana video, bado zipo.

Hatua ya 1: Tazama kilichomo

MP4 na MKV ni makasha tu. Jina la faili halikuambii kilichofungwa ndani. Fungua terminali (dirisha la kuandika amri), ingia kwenye folda ya video, kisha andika, ukiweka jina la faili lako badala ya `video.mkv`:

`sudo apt update`
`sudo apt install ffmpeg`
`ffprobe -hide_banner video.mkv`

Soma mistari yenye neno Stream. `Video: hevc` maana yake ni H.265. Mimi sisakinishi chochote kabla ya kuisoma mistari hiyo.

Hatua ya 2: Weka kodeki

`sudo apt install ubuntu-restricted-extras`

Hapa ndipo wengi hukwama. Katikati ya kazi hutokea ukurasa wa masharti ya fonti za Microsoft, na kipanya hakisaidii kitu. Bonyeza Tab mpaka OK ibadilike rangi, kisha Enter. Ukurasa unaofuata chagua Yes. Ikiwa ulishafunga dirisha, rekebisha kwa `sudo dpkg --configure -a`.

Hatua ya 3: Jaribu kichezeshi kingine

`sudo apt install vlc mpv`

VLC haitegemei kodeki za GStreamer, mfumo wa sauti na video unaotumiwa na kichezeshi cha Ubuntu, kwa hiyo hufungua mengi yanayokataa kwingine.

Hatua ya 4: Picha ikikwamakwama

Hapo prosesa imelemewa. Ipe kadi ya picha kazi hiyo:

`mpv --hwdec=auto video.mkv`

Video ikiendelea, bonyeza herufi i usome takwimu. Kwenye kadi za Intel na AMD, tafuta neno vaapi, linaloonyesha kuwa kadi ya picha ndiyo inayofanya kazi. Lisipoonekana, sakinisha `vainfo` uiendeshe: isipotaja HEVC hata baada ya kuweka draiva sahihi, kadi yako haiwezi H.265. Basi badilisha video yenyewe iwe H.264, ambayo ni ya zamani zaidi:

`ffmpeg -i video.mkv -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a copy mpya.mkv`

Usiondoe `-pix_fmt yuv420p`. Bila hiyo, video ya biti 10 (yenye rangi nyingi kuliko ya kawaida ya biti 8) hutoka ikiwa H.264 ya biti 10, na kadi nyingi haziisomi.