Laptopu ya kitambo na gemu: kabla uanze mambo ya ovakloki

Kama uko na ile laptopu ya ex-UK ulitoa tao pale Luthuli ama Moi Avenue, na ukiweka gemu ya mpira inaenda fiti dakika kumi halafu wachezaji wanaanza kukimbia kama wamevaa gambuti kwa matope, ngoja nikuambie ukweli kwanza ju watu hupoteza wikendi nzima hapa. Prosesa yako uwezekano mkubwa haiwezi pigwa ovakloki, yaani kusukumwa ikimbie kushinda mwendo iliopewa kiwandani. Intel hufunga maltiplaya (ile namba inapanga mwendo wa prosesa) kwa karibu prosesa zote za laptopu, zile ziliachwa wazi ni za herufi kama MX ama HK mwishoni na hizo zilikua za mashini za pesa mob, si za ofisi. Yangu ni i5-4300M, imefungwa, hakuna ujanja.

Lakini usiende bado. Hio 4300M imeandikwa 2.6 GHz na inaeza panda yenyewe mpaka 3.3, ndio ile tabo wanasema. Huo mwendo ulishalipia, shida ni haukai huko juu: inapanda, inachemka, inashuka. Kazi yetu ni kuifanya ikae.

Anza na kupima. Shusha ThrottleStop, ni programu ya bure ya kuangalia na kurekebisha prosesa, iache ikiwa wazi ucheze dakika 20 hivi, kisha ubonyeze Limits. Thermal ikiwaka ni joto, hizi za kizazi cha 4 (namba inaanza na 4, kama 4300M) zikikaribia digrii 100 hukata mwendo zenyewe. PL1 ikiwaka ni kikomo cha umeme, kama uko na 4300U imepewa wati 15 tu na hapo hutaisukuma sana. Halafu kuna PROCHOT. Hii ikiwaka na joto liko chini, jua kuna kitu kingine kwa bodi kimeambia prosesa ishuke.

Hio ilituchapa vibaya mimi na beshte yangu. Laptopu yake ilikua imekwama 0.8 GHz, haipandi wala haishuki, ata kuandika barua ilikua inajikokota. Tukabadilisha pesti (ile dawa hupakwa juu ya prosesa ipitishe joto), tukaweka Windows upya, siku mbili zimeenda, kumbe ni chaja! Ilikua ya barabarani, laptopu haisomi ni ya wati ngapi so inajilinda kwa kujibana. Tukaazima orijino kwa jirani, tukachomeka, tukaona namba inaruka 0.8 mpaka 3.1 mbele ya macho. Kuna watu watakuambia utoe tiki ya BD PROCHOT (ndio prosesa isisikie hio amri ya bodi) uendelee na maisha. Mimi natoa kwa kupima tu, ile chaja kama ni mbovu itakuchomea siku ingine.

Kama ni joto, fungua. Zima, toa betri, fungua kifuniko, na usipulize feni tu kwa juu, itoe kabisa uangalie pale inakutana na zile bati nyembamba za kopa. Kwangu kulikua na vumbi imeshikana kama kipande cha blanketi, nikaivuta na kibanio ikatoka mzima mzima. Ukipuliza shika feni na kidole isizunguke. Skurubu za hitisinki (kile chuma kimekalia prosesa kutoa joto) ziko na namba, legeza ukianza na ya mwisho, kidogo kidogo. Pangusa pesti ya zamani na isopropili, achana na spiriti ya vidonda ju nyingine huacha mafuta, kisha weka pesti mpya kama punje ya mchele. Punje moja, si kijiko. Na sisi tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, feni ya Nairobi iko na kazi zaidi kuliko watu hudhani.

Sasa ndio upunguze volteji ya prosesa, ju ikipungua na joto linapungua. Kwa ThrottleStop bonyeza FIVR, ndio ukurasa wa volteji, weka CPU Core na CPU Cache namba sawa, anza na -40 (ni milivolti), jaribu gemu, shuka 10 10. Usisevu mpaka uwe na uhakika, ndio ikiganda uwashe tu irudi kawaida. Yangu iligoma -80, nikaiacha -65. Za kizazi cha 6 kwenda juu nyingi zilifungiwa hii kwa baiosi (programu ya bodi inayowasha laptopu) baada ya Plundervolt, ile shimo ya usalama ya 2019 iliyotumia hii njia ya volteji, so ukiona namba haishiki sio makosa yako.

Ya mwisho ni RAM na wengi huipita. Grafiki za ndani, zile ziko kwa prosesa yenyewe bila kadi yao, hukula RAM ya kawaida, na hizi laptopu huja na kijiti kimoja. Ongeza cha pili, kwa kizazi cha 4 ni DDR3L ya volti 1.35, usikubali kuuziwa ile ya 1.5. Kwangu hii ilisaidia gemu kushinda hayo mengine yote pamoja.

Rudi kwa Limits. Kama imebaki PL1 pekee, shusha resolushoni 1280 kwa 720 ucheze.