Unataka kuingia M&E? Anza na dodoso, cheti kitakuja

Wadogo zangu waliomaliza chuo wananiuliza sana, kaka hii kazi ya ufuatiliaji na tathmini, ndo hiyo M&E, mtu anaingiaje, maana kila tangazo linataka uzoefu wa miaka mitano na huo uzoefu hakuna anayekupa. Ngoja niwaambie navyoijua mimi, kwa hapa Tanzania.

Kwanza usichanganye mambo mawili. Ufuatiliaji ni kujua mwezi huu vimegawiwa vyandarua vingapi na kwa nani. Tathmini ni kwenda kuuliza je watu wanalala ndani yake au wamefugia vifaranga, na kama malaria imepungua, imepungua kwa sababu ya chandarua au mwaka huo mvua tu haikunyesha? Hilo swali la mwisho ndo linalolipa mshahara.

Mlango wa kuingilia ni udadisi, yaani kukusanya data. Watu wanaidharau eti kazi ya msimu, lakini wengi wazuri ninaowajua walianzia hapo. Kama ulikuwa karani wa sensa ya 2022 ukazunguka na kishikwambi, usiiache nje ya sivii yako, huo ni uzoefu tosha wa kuanzia. Fuatilia matangazo ya taasisi zinazofanya tafiti, kina REPOA (utafiti wa umaskini na maendeleo), Taasisi ya Afya Ifakara, NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu), na washauri binafsi ambao huwa wanatafuta wadadisi haraka haraka wiki moja kabla ya kwenda fildi.

Wakati unasubiri, fungua akaunti ya KoboToolbox, programu ya kukusanyia data kwa simu, ni bure kwa kuanzia, tengeneza dodoso fupi la maswali kumi, nenda kawaulize mama ntilie wa mtaani kwako kuhusu mtaji na mkaa, rudi uchambue kwenye Excel mpaka uijue pivot table, lile jedwali la kufupisha data, andika ripoti ya kurasa mbili. Hiyo ripoti beba kwenye intavyu. Baadaye jifunze R, programu ya takwimu, nayo ni bure, na visome vile vigezo sita vya OECD, ule umoja wa nchi zilizoendelea, vya kutathmini mradi, kuanzia umuhimu wake mpaka uendelevu, maana hadidu za rejea nyingi, yaani maelezo ya kazi anayopewa mtathmini, zimejengwa juu yake.

Sasa kuingia kwenye jamii, hapa ndo wengi wanaanguka.

Kijijini huingii tu. Utafiti unahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na kama ni wa afya unapitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), Zanzibar wana utaratibu wao. Kisha barua inashuka toka kwa mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, halafu mwenyekiti wa kitongoji ndo anakutembeza nyumba kwa nyumba. Ukiruka ngazi moja utashinda chini ya mwembe siku nzima. Ila angalia na huyo anayekutembeza, mara nyingi anakupeleka kwa ndugu zake na walio karibu na barabara, kwa hiyo orodha ya kaya ije imeshachaguliwa, usichague pale pale.

Maswali nayo yana kwao. Mkulima ukimuuliza kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi anakutajia namba yoyote ili uondoke, muulize alivuna gunia ngapi, aliuza ngapi, bei ilikuwaje, hesabu utapiga mwenyewe. Na usiulize "mlikula mara ngapi jana" bila kueleza umekuja kufanya nini, watadhani unaandikisha majina ya msaada na majibu yote yatakuwa mara moja.

Kuna mradi wa maji niliwahi kusimamia wadadisi, siutaji. Dodoso nililipitisha mwenyewe, swali lilikuwa je kituo kinatoa maji, ndiyo au hapana, tukapata ndiyo tupu, nikafurahi. Siku ya kuondoka bibi mmoja ananiambia mwanangu, yanatoka ndiyo, lakini ya chumvi, tunafulia tu, ya kunywa bado tunafuata kulekule kisimani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mnayatumia kufanya nini! Tangu siku hiyo sifungi dodoso kabla sijakaa na akina mama wawili watatu bila karatasi, tunapiga stori tu.

Halafu mrejesho. Watu wamehojiwa mara kumi na hawajawahi kuambiwa kilichoonekana, ndo maana wanakuona na kishikwambi wanaingia ndani. Weka kwenye bajeti tangu mwanzo siku moja ya kurudi, mkutano wa kijiji, ukurasa mmoja wa Kiswahili, namba tatu nne tu. Wakikupinga andika, mara nyingi wako sahihi kuliko jedwali lako.

Kuhusu ajira siwafichi, 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, ilivyofungwa watu wetu wengi wa M&E walirudi nyumbani, kwa hiyo usijifunge kwa wafadhili peke yao, halmashauri zinapima, vyuo vinapima, hata kampuni za mbegu zinataka kujua kama mkulima amerudi kununua. Chuo cha Mipango Dodoma na Chuo cha Takwimu wana kozi, nenda ukishajua unataka nini.

Na kabla hujapanda gari la fildi uliza posho inalipwa lini, inalipwa kwa siku au kwa dodoso, na nauli ya bodaboda ni ya nani. Iwe kwenye maandishi.