Jinsi ya kudai fidia ya ugonjwa uliotokana na vumbi la asbesto kazini

Fundi anayebomoa paa kuukuu Kariakoo, Dar es Salaam, haumwi chochote siku hiyo. Hugonga nyundo, bati la asbesto (madini yenye nyuzi) likakatika kama biskuti, vumbi likamkaa kwenye nyusi, naye akajipangusa kwa shati ambalo jioni mkewe atalikung'uta kabla ya kulifua. Nyuzi za vumbi hilo, ambazo jicho halizioni, hukwama ndani ya mapafu, na madhara yake huweza kujitokeza baada ya miaka 10 hadi 50: makovu ya mapafu yaitwayo asbestosi, saratani ya mapafu, au mesothelioma, ambayo ni saratani ya utando unaozunguka mapafu. Aliyefanya kazi hiyo huku akivuta sigara yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya mapafu.

Kwa kuwa ugonjwa huchelewa kiasi hicho, dai hukwama zaidi kwenye ushahidi wa kazi kuliko kwenye vipimo vya hospitali. Kwa hiyo anza na kumbukumbu zako, hata kama leo u mzima. Andika mahali ulipofanya kazi, miaka, jina la mwajiri, kazi yenyewe (kubomoa paa, kukata mabomba ya saruji yenye asbesto, kusugua pedi za breki za zamani gereji) na majina ya wenzako wanaoweza kukutolea ushahidi. Tafuta mkataba, hati za mshahara, kitambulisho cha kazi na picha za eneo la kazi. Ikiwa huna hata karatasi moja, omba NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii wa Tanzania, taarifa ya michango yako, kwa sababu humo huonekana ni mwajiri gani alikuchangia na kwa kipindi kipi. Wazee waliochangia kabla ya mwaka 1997 waulizie pia kumbukumbu za NPF, mfuko uliotangulia NSSF. Taarifa hii ya michango watu wengi huikumbuka pale tu wanapodai pensheni, ilhali katika dai la namna hii ni miongoni mwa ushahidi wenye nguvu.

Hatua inayofuata ni hospitali. Usimwambie daktari kwamba unakohoa na kubanwa na pumzi, kisha ukaishia hapo. Mweleze kwamba ulifanya kazi kwenye vumbi la asbesto, kwa muda gani na bila kinga gani, na umwombe ayaandike maelezo hayo kwenye faili lako. Picha ya eksirei ya kifua, kipimo cha uwezo wa mapafu na, inapobidi, CT scan (picha ya kina zaidi ya mapafu) ndivyo vitakavyoonyesha hali ilivyo. Tunza nakala za kila kitu.

Kisha mjulishe mwajiri kwa maandishi, bila kuchelewa, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mwajiri ana wajibu wa kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Michango ya Mfuko hulipwa na mwajiri peke yake, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kukukata mshahara kwa ajili hiyo. Akisita kutoa taarifa, nenda mwenyewe katika ofisi ya Mfuko ukiwa na faili lako. Mfuko hutoa matibabu, mafao ya ulemavu wa muda au wa kudumu, huduma za utengamao, msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi. Fao la ulemavu wa muda hukokotolewa kwa asilimia 70 ya kipato cha mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24.

Kama vumbi bado linapeperuka pale kazini, peleka malalamiko OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ambao wana mamlaka ya kukagua. Ukifukuzwa kazi kwa sababu ya kulalamika, una siku 30 tu za kufungua shauri la kuachishwa kazi isivyo halali katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa kujaza Fomu Na. 1. Siku hizo hupita upesi kuliko mtu anavyodhani.

Usiporidhika na uamuzi wa Mfuko, omba sababu kwa maandishi kabla ya kuupinga. Kwa msaada, chama chako cha wafanyakazi au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ni mahali pazuri pa kuanzia. Yule mke aliyekung'uta shati naye anaweza kuugua, lakini kwa kuwa yeye si mwajiriwa, njia ya Mfuko haimhusu. Aende moja kwa moja kwa mwanasheria, akiwa na vyeti vyake vya hospitali pamoja na kumbukumbu za kazi za mumewe.