Kodi ya mirathi Uingereza: tunza nyaraka za mwenzi aliyetangulia

Mwenzi wako wa ndoa akifariki Uingereza, tunza cheti cha ndoa, cheti cha kifo na wasia wake, kwa kuwa msamaha wake wa kodi usiotumika hauhamii kwako moja kwa moja, bali hudaiwa na wasimamizi wa mirathi yako, kwa kawaida ndani ya miaka 2 baada ya kifo chako. Kila mmoja ana msamaha wa pauni 325,000 kwa mali yoyote, akiba ikiwemo, na hadi 175,000 kwa nyumba inayorithiwa na watoto au wajukuu. Wawili hufikia milioni 1. Nyumba ikiachiwa kaka au dada, sehemu hiyo ya pili hupotea, na mali ikizidi milioni 2 sehemu hiyo hupungua. Linalonisikitisha zaidi ni nikahi iliyofungwa huko bila kusajiliwa kiserikali: haihamishi msamaha wowote.